Njia Iliyoazimwa

Kwa miaka kumi na miwili nilikwenda kazini kwa baiskeli. Nilikaa Silver Spring, katika jimbo la Maryland, nami nilikuwa nikitunza wazee huko Bethesda. Baina ya miji hiyo miwili palikuwa na njia ya changarawe ya kama maili 4, miti imeikumbatia kulia na kushoto, na katikati yake daraja refu la mbao juu ya kijito cha Rock Creek. Alfajiri nilikuwa nikiwaona paa wakivuka. Sikujiuliza hata siku moja ni nani aliyeichonga njia hiyo ikanyooka hivyo, bila kupanda wala kushuka.

Mtu wa Tanga kama mimi ilinipasa kujua. Njia inyookayo namna ile ni tuta la reli. Reli ile iliitwa Georgetown Branch, tawi la kampuni ya Baltimore and Ohio, ikakamilika mwaka 1910. Ilipeleka makaa ya mawe na vifaa vya ujenzi hadi Georgetown, kando ya mto Potomac. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1985.

Hapa ndipo pana kiini cha ugomvi. Mwaka 1983 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba reli ikiachwa, ardhi yake isigawanywe vipandevipande kwa majirani, bali iwekwe akiba, na wakati huo itumike kwa watembea kwa miguu na baiskeli. Sharti lake ni kwamba treni ina haki ya kurudi. Kwa sheria hiyo Kaunti ya Montgomery ilinunua sehemu ya Maryland mwaka 1988 kwa dola milioni 10.5, ikieleza tangu mwanzo kwamba inataka vyote viwili, njia na treni. Njia ya lami kutoka Bethesda hadi Georgetown ilikamilika mwaka 1996. Upande wetu wa changarawe ulifunguliwa mwaka 1997, ukiitwa wa muda. Neno hilo lilikuwa limeandikwa, lakini nani husoma vibao akiwa juu ya baiskeli?

Kwetu mambo haya tunayaita hifadhi ya reli. Mtu hupanda mihogo pale, baadaye huchimba msingi, halafu siku moja huamka na kukuta alama nyekundu ya X ukutani. Hukasirika kwa haki, maana amekaa miaka ishirini. Na mwenye reli naye husema kweli.

Treni iliyokuwa ikingojewa inaitwa Purple Line, yaani njia ya zambarau. Ni treni nyepesi ya umeme, maili 16 kutoka Bethesda hadi New Carrollton, vituo 21. Haja yake yaonekana kwenye ramani. Reli zote za Metro huingia katikati ya Washington kama njiti za gurudumu. Silver Spring ilipata kituo mwaka 1978 na Bethesda mwaka 1984, tena kwenye laini moja, Red Line, ambayo imepinda kama herufi U. Ukitaka kwenda kwa jirani yako ng'ambo ya pili, sharti uteremke mpaka mjini kisha upande tena. Njia yangu ya changarawe ilikuwa ndiyo kifuniko cha ile U.

Wakazi wa Chevy Chase, mtaa wa watu wenye uwezo, walipinga kwa miaka mingi. Walitaja kelele, miti, watoto, na bustani zilizogusa tuta. Klabu ya gofu iliyokatwa na njia hiyo ilipatana na jimbo mwaka 2013. Wengine walikwenda mahakamani, na Agosti 2016 jaji wa shirikisho akabatilisha kibali siku chache kabla ya mkataba wa fedha kutiwa sahihi. Mahakama ya rufaa ilikirudisha Julai 2017. Mwezi Agosti ujenzi ukaanza, na Septemba njia ikafungwa.

Mimi nilitia sahihi yangu kwenye karatasi ya wapinzani. Aliyeniletea alikuwa mzee mwungwana, mwenye baiskeli nzuri kuliko gari langu la kwanza. Siku ya pili nikamweleza dada mmoja tuliyefanya naye kazi, mama wa El Salvador akaaye Langley Park. Yeye alikuwa akipanda mabasi mawili, na theluji ikianguka alipanda mabasi mawili yaliyochelewa. Akaniuliza, 'Njia hiyo iko wapi?' Alikuwa amefanya kazi Bethesda miaka tisa, asiijue hata kwa jina. Treni itapita Langley Park. Lakini yeye naye hakushangilia, maana alisema kodi ya nyumba itafika kabla ya treni. Wala hakukosea kuogopa: wapangaji wa pale walikwisha kuzungumza jambo hilo mikutanoni muda mrefu kabla chuma hakijalazwa.

Sikuifuta sahihi. Sikuiongezea nyingine pia.

Miti ilikatwa. Mwaka 2020 mkandarasi wa ujenzi aliacha kazi kwa ugomvi wa gharama, na kazi kamili haikurudi hadi 2022, na jimbo likataja majira ya baridi ya 2027 na 2028 kuwa ndiyo ya kuanza safari. Kwa mujibu wa mpango, njia ya baiskeli itarudi kando ya reli, pana na ya lami, ifike hadi kituo cha Silver Spring, mahali ambapo ile ya zamani haikufika. Handaki la chini ya Wisconsin Avenue limechukuliwa na treni, na lile lililoahidiwa kwa baiskeli limekuwa likiahirishwa kwa sababu ya fedha. Katika mapatano ya namna hii mwenye magurudumu mawili ndiye huambiwa asubiri kidogo.

Yule dada alihama Langley Park mwaka 2021. Alikohamia ni mbali zaidi, na hapana kituo.