Injini Haibishi: Kuutetea Mgong'oto

Orodha ya istilahi za ufundi ya kamati moja, iliyonifikia majuzi, inaita mlio wa injini inayochoma petroli vibaya "kubisha". Silikubali neno hilo, na hoja yangu naianzia kisiwani Kiwayu, kwa Wabajuni. Gari halifiki huko, lakini masikio ya watu hayabanduki kwenye mashine ya boti, kwa sababu ikizima nje ya kisiwa wakati wa kusi hakuna wa kuisukuma.

Kwa nahodha wa Kibajuni, kubisha ni kuukabili upepo wa mbele kwa kwenda mshazari, huku na huku, tanga likigeuzwa. Kwa wengine ni kupiga hodi, au kupinga kauli ya mwenzio. Mwambie nahodha huyo kwamba mashine inabisha, naye atautazama upepo kwanza. Wanakamati walioliteua neno hili wangemwuliza mvuvi mmoja tu, wangeliacha.

Wapo wanaotetea "kunoki" kwa kuwa ni neno la gereji. Ni kweli, lakini gerejini injini iliyonoki imekwisha kufa. Sisi tunazungumzia dalili: sehemu ya mchanganyiko wa petroli na hewa hujilipukia yenyewe kabla moto ulioanzia kwenye plagi haujaifikia, na kishindo chake hupiga kuta za silinda. Dalili na kifo haviwezi kupewa jina moja.

Mshindani wangu mmoja, ambaye amekuwa akinikosoa kwa miaka, anasema "kugonga" kunatosha. Hakutoshi. Beringi ya konrodi iliyolika ndiyo inayogonga: sauti nzito, ya chini. Huu wetu ni mlio mwembamba, wa haraka, wa chuma. Tukiita yote mawili kugonga, fundi atafungua injini nzima kwa kosa la petroli mbovu.

Kwa hiyo napendekeza mgong'oto. Kugota ni kupiga kidogo, kama kwa kifundo cha kidole. Ukikariri silabi unapata kugogota, na ukitia king'ong'o unapata kugong'ota, yaani kupigapiga upesi mahali pamoja. Ndiyo kazi iliyompa jina lake kigong'ota, ndege atoboaye miti. Kiambishi m- mwanzoni na -o mwishoni hutupa nomino, kama mgomo kutoka kugoma. Wingi ni migong'oto, na kitenzi kiko tayari: mashine inagong'ota.

Mlio huu si jambo dogo hata ukaitwa ovyo. Ili kuuzima, mwaka 1921 Thomas Midgley wa Marekani aligundua dawa ya risasi ya kutia katika petroli, na sumu hiyo ilivutwa na vizazi kadhaa. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha kufikia Januari 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliiacha mwaka 2021.

Kwa matumizi: mashine ikigong'ota, punguza mwendo, hakikisha maji ya kupozea yanatoka, kisha kagua petroli na plagi.

Pendekezo hili nililipeleka kwa maandishi kunakohusika na sikujibiwa hata kwa kukataliwa. Sasa nalileta kwa mafundi, manahodha na walimu wa vyuo vya ufundi. Wao ndio wanaousikia mgong'oto, na haki ya kuupa jina ni yao kabla ya kuwa ya kamati yoyote.