Mabadiliko ya jeni katika Neurospora crassa

Neurospora crassa ni ukungu wa rangi ya machungwa ulioelezwa kwanza mwaka 1843, baada ya kuharibu mikate nchini Ufaransa. Mwili wake ni nyuzi nyembamba ziitwazo hifa, ambazo hurefuka nchani na kutoa matawi. Rangi inatokana hasa na konidia, yaani spora zinazopeperushwa na upepo.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ukungu huu una seti moja tu ya kromosomu, nazo ni 7. Katika njegere au binadamu, jeni iliyoharibika inaweza kufichwa na nakala nzima kutoka kwa mzazi mwingine. Hapa nakala ya pili haipo, kwa hiyo kasoro hujitokeza mara moja. George Beadle na Edward Tatum wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliitumia sifa hiyo. Walipiga ukungu kwa eksirei, kisha wakatafuta spora ambazo uzao wake haukuweza kukua kwenye chakula cha sukari, chumvi na vitamini moja tu, biotini. Uzao wa spora ya 299 ulikua pale tu ulipoongezewa vitamini B6. Matokeo yalichapishwa mwaka 1941: jeni huongoza kazi ya vimeng'enya. Mwaka 1958 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Joshua Lederberg.

Mabadiliko mengine hugusa umbo lenyewe. Ukungu wenye badiliko la jeni *cot-1* hukua kawaida kwenye nyuzijoto 25, lakini ukipashwa joto kupita 32 hivi, ncha za hifa huacha kurefuka na kutoa matawi mengi yaliyosongamana, hata ukungu ukabaki kama kifungo kidogo. Badiliko la *fl* huzuia konidia kubwa, na ukungu huonekana kama pamba. Si kila badiliko linadumaza: wenye kasoro katika *al-1* hukosa karotenoidi, ukawa mweupe, lakini hukua vizuri.

Jeni *frq* huongoza saa ya ndani. Katika giza la kudumu, konidia hutokea kila baada ya saa 22 hivi. Mabadiliko ya jeni hiyo yaliyoripotiwa mwaka 1973 hufupisha mzunguko hadi saa 16 au kuurefusha hadi 24.

Mfuatano wa DNA yake ulichapishwa mwaka 2003 ukiwa na jeni zipatazo 10,000. Siku hizi watafiti huondoa jeni waitakayo, badala ya kubahatisha kwa eksirei.