Mlio unaojificha: historia fupi ya kusikiliza gari

Leo naziweka programu kando kidogo (si mbali sana, mtaona) ili tuzungumzie mlio wa gari kuukuu. Sisemi ule mlio wa kutwa kucha. Huo hata mtoto atakuonyesha unatoka wapi. Nasema ule unaogonga njia nzima, halafu ukifika kwa fundi unanyamaza kama mgeni aliyekalishwa barazani. Wewe unaapa, fundi anakutazama kwa huruma, na gari limetulia tuli.

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Mwaka 1985 Jim Gray, aliyekuwa kampuni ya Tandem huko Marekani, aliandika ripoti akizitenganisha hitilafu za kompyuta mafungu mawili: zile zinazojirudia kila ukifanya jambo lile lile, na zile zinazotoweka pindi ukianza kuzichunguza. Akazipa majina kutokana na wanafizikia wawili, Bohr na Heisenberg. Lakini fungu la pili mafundi walipambana nalo zamani, kabla kompyuta hazijazaliwa. Basi twende safari: tuanzie Ulaya, tupite Marekani, tuishie Chundwa, kisiwani Pate.

Kwanza, sikio. Mtu wa pwani akinunua nazi huitikisa karibu na sikio, asikie kama ina maji. Daktari Leopold Auenbrugger alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni mjini Graz, na husimuliwa kwamba huko ndiko alikojifunza kugonga mapipa ili ajue mvinyo umefika wapi. Mwaka 1761 alichapisha mjini Vienna kitabu kinachoeleza jinsi ya kugonga kifua cha mgonjwa na kusikiliza. Mwaka 1808 Corvisart, daktari wa Napoleon, akakitafsiri kwa Kifaransa. Mwanafunzi wake, Laennec, mwaka 1816 akakunja karatasi ikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Ndiyo asili ya kile chombo cha madaktari. Fundi gari anayeweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni anafanya kazi ile ile: anasafirisha sauti kutoka sehemu moja tu, nyingine zisimchanganye.

Lakini sikio linakwambia wapi. Halikwambii kwa nini, wala lini.

Sasa Marekani. Mwaka 1912 gari la Cadillac lilitoka na stata ya umeme na cheche za betri, kazi ya Charles Kettering. Injini za zama zile zilikuwa na ugonjwa wa kunoki: gari likipanda mlima na mzigo linagonga vibaya, likifika tambarare kimya. Watu wakamlaumu Kettering, ati ni ile betri yake. Mwaka 1916 kijana Thomas Midgley alijiunga naye, akapewa kazi ya kuutafuta mchawi. Akatengeneza vifaa vya kupima presha ndani ya silinda, akaona kwamba presha huruka ghafla baada ya cheche kupita, si kabla. Betri haikuwa na hatia. Mafuta yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakijilipukia.

Hapa ndipo panaponichekesha mimi kama mwandishi wa programu. Walikisia kwamba mafuta yakitiwa rangi nyekundu yatafyonza joto vizuri zaidi. Midgley akatia ayodini, na kugonga kukapungua! Kisha akajaribu rangi nyekundu za kawaida. Wapi! Tiba ilifanya kazi, lakini maelezo yake yalikuwa ya uongo. Nani kati yetu hajawahi kuiona programu ya namna hii?

Waliendelea kujaribu kemikali moja baada ya nyingine mpaka tarehe 9 Desemba 1921 walipotia tetraethili ledi, yaani kemikali yenye madini ya risasi. Kugonga kukakoma. Mwaka 1923 mafuta hayo yakaanza kuuzwa. Mwaka 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu yake. Ethanoli nayo ilijulikana kuzuia kugonga, lakini risasi ndiyo iliyoenea dunia nzima, ikaingia katika damu ya watoto na kuwadhuru ubongo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kwa kampeni iliyosimamiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka makao yake Nairobi. Algeria ilimaliza mwaka 2021. Karibu miaka mia moja! Kunyamazisha mlio si sawa na kuponya gari.

Haya, Chundwa. Pate haina daraja. Gari na spea zake zote hufika kwa chombo. Barabara ni mchanga, hewa ni chumvi. Gari moja likilala, mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Faza anasubiri. Kwa hiyo kukisia ni ghali.

Nilipokuwa huko nilikuta Land Rover Series III (ziliundwa kati ya 1971 na 1985) yenye mlio chini, unaokuja na kwenda. Abiria watatu, majibu matatu: springi, giaboksi, beringi ya gurudumu. Fundi, kijana wa hapo, hakugusa spana. Akamwambia dereva, "Ami, tembeza tusikize."

Gari limesimama, moto ukakanyagwa: kimya. Basi si injini. Likavuta mchangani na mzigo: likagonga. Likiwa mwendoni gia ikawekwa huru: kimya, ingawa magurudumu bado yanazunguka. Basi mlio unataka mvuto. Kisha hesabu, na hapa nikasaidia kidogo. Tairi la gari lile kwa mzunguko mmoja hutembea kama mita 2.4. Kwa kilometa 18 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 2 hivi kwa sekunde. Propela shafti huzunguka mara 4.7 kwa kila mzunguko wa gurudumu, yaani karibu mara 10 kwa sekunde. Sisi tulisikia mlio wa haraka, wa mfululizo, si "ngo... ngo..." wa gurudumu.

Hapo ndipo gari likazimwa, magurudumu yakazuiwa kwa mawe, fundi akaingia chini na kuipindapinda shafti ya nyuma kwa mkono. Ilicheza. Kwenye msalaba wake, pembeni mwa vikombe, palikuwa na unga mwekundu wa kutu: grisi iliisha zamani, chuma kikawa kinakula chuma. Msalaba ni kitu cha kushika kiganjani. Kama tungefuata rai ya giaboksi, gari lingelala siku nyingi, kisha likaamka na mlio wake. Na msalaba ukikatika mwendoni, shafti huanguka au kupiga sakafu, na watu wamo.

Mtasema siku hizi kuna kompyuta. Kweli, Marekani ililazimisha magari madogo mapya ya kuanzia 1996 yawe na tundu la kusomea hitilafu kwa mfumo wa OBD-II, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Saab walikuwa na kihisio kinachosikiliza injini ikinoki. Lakini kompyuta hujua kile tu kilichowekewa kihisio. Msalaba wa propela hauna kihisio, hata katika magari mapya mengi.

Ndiyo maana nasema mlio unaojificha una sharti lake, na kazi yetu ni kulisaka hilo sharti. Andika: mwendo, gia, mzigo, kona, joto, shimo. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kila jaribio liondoe nusu ya washukiwa. Spea inunuliwe mwisho. Kwa gari ni hivyo, na kwa programu ni hivyo hivyo.