Maziwe na Daftari la Pangani



Kila mwaka katika kijitabu hiki tunaeleza fedha zilikotoka na zilikokwenda. Mwaka huu, kabla ya kufika huko, tunaomba tukumbushane hesabu ya zamani zaidi, ile ya mji wetu wenyewe.

Pangani haikukosa biashara. Katika karne ya 19 misafara iliteremsha pembe za ndovu kutoka bara kwa kufuata bonde la mto, na watumwa nao walipitishwa hapa, jambo ambalo hatupaswi kulificha. Mwaka 1888 watu wa pwani waliipinga kampuni ya Wajerumani, na kiongozi wao, Abushiri bin Salim, akanyongwa hapahapa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika salama, 62 tu, ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Katani ikaja kuwa utajiri wa Tanganyika nzima. Lakini reli ilianzia Tanga, na meli zikaifuata. Utajiri ulipita kwetu, haukukaa.

Hesabu inayotuuma zaidi ni ya Maziwe. Wazee wetu walikijua kisiwa chenye mivinje, wavuvi wakipiga dago kivulini na kasa wakipanda kutaga. Serikali ilikitenga kiwe hifadhi mwaka 1975, miongoni mwa maeneo ya kwanza ya bahari kulindwa nchini. Tayari miti ilikuwa imekatwa sana, na mawimbi yakimega mchanga usio na mizizi ya kuushika. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mti wa mwisho ulikuwa umekwenda. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado wanakuja, kwa hiyo mayai yao huhamishiwa ufuko wa Ushongo ili yasizame.

Hata hivyo, fungu hilo linaleta riziki. Wageni huvuka kwa mashua maji yakitoka, wakaogelea kwenye matumbawe, wakarudi kulala na kula huku kwetu. Nahodha anapata, mvuvi anauza samaki, mama lishe hakosi wateja. Sisi ambao kazi yetu ni vitabu vya hesabu tunaona wazi: matumbawe na kasa ni mtaji, na kinacholetwa na wageni ni faida. Mivinje tuliila kama faida, kumbe ilikuwa mtaji. Nanga ikitupwa juu ya matumbawe kila siku, kosa litakuwa lilelile.

Ndiyo maana mchango wa mwaka huu tunauelekeza katika mambo matatu: maboya ya kufungia mashua, mafunzo ya vijana wetu wanaoongoza wageni, na posho ya wanaolinda viota vya kasa. Wengi wetu tuko Dar es Salaam na mbali zaidi, lakini makaburi ya babu zetu yako Pangani, na watoto wa ndugu zetu ndio watakaobaki na bahari hiyo.

Mali bila daftari huisha bila habari. Toeni mnachoweza, kila shilingi mtaikuta imeandikwa katika kijitabu cha mwakani.