Seli T na uzee

Seli T ni chembe nyeupe za damu zinazoua seli zilizoingiliwa na virusi na kuziongoza chembe nyingine za kinga. Chimbuko lake ni uboho wa mifupa, lakini hukomaa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ambayo ndiyo asili ya herufi T. Kwa muda mrefu tezi hiyo ilidhaniwa haina kazi, hadi 1961, mtafiti Jacques Miller alipoonyesha huko London kwamba panya wanaoondolewa thaimasi mara tu wanapozaliwa hukosa kinga.

Thaimasi huwahi kuzeeka kuliko karibu viungo vyote. Kwa mtoto ni nono. Baada ya balehe hugeuka mafuta taratibu, na kwa mtu wa miaka 70 tishu hai hubaki vijipande tu. Ajabu ni kwamba jumla ya seli T haishuki sana, kwa kuwa zilizopo huendelea kugawanyika. Zinazopungua ni seli changa, ambazo hazijawahi kukutana na kimelea, hasa za kundi la CD8, yaani zile zinazoua seli zilizoingiliwa. Nafasi yake hujazwa na seli za kumbukumbu, nyingi zikishughulika na sitomegalovirasi, kirusi kinachokaa mwilini maisha yote, mara nyingi bila dalili. Seli zilizogawanyika mno hupoteza protini ya CD28, huwa nzito kuitikia maradhi mapya, na baadhi humwaga kemikali zinazochochea uvimbe. Kwa hiyo kuhesabu seli pekee hakutoshi kupima kinga ya mzee.

Mfano ulio wazi ni mkanda wa jeshi: malengelenge yenye maumivu makali, upande mmoja wa mwili. Virusi vya tetekuwanga ya utotoni hubaki vimejificha kwenye neva, vikizuiwa na seli T, na huibuka ulinzi unapolegea. Afrika Mashariki ugonjwa huu umehusishwa mno na UKIMWI, kwa sababu VVU huangamiza seli T za CD4, yaani zile zinazoongoza chembe nyingine. Kipimo cha VVU kinafaa, ila kumhukumu mzee kwa malengelenge peke yake ni kumwonea; umri wenyewe unatosha kuuleta.

Chanjo ya mkanda wa jeshi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, yenye protini ya kirusi na kichochezi cha kinga, ilizuia ugonjwa kwa takriban asilimia 90 hata kwa waliozidi miaka 70. Chanjo ya homa ya manjano ni tofauti: hutumia virusi hai vilivyodhoofishwa, na madhara yake makali, ingawa ni nadra, huwapata zaidi wanaochanjwa mara ya kwanza baada ya miaka 60. Msafiri wa umri huo amwone daktari kabla ya kuchanjwa.