Nasaba na Karatasi: Uraia wa Kurithi Ujiji na Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Wasomaji wa mwambao wameizoea Ujiji kama mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo. Burton na Speke walifika huko mwaka 1858, na Stanley akamkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mkuu wa mji, Mwinyi Kheri, alikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Unguja. Lakini kwa wenyeji wake Ujiji ilikuwa katikati ya njia, si mwisho wake. Nyuma yake walikuwapo Waha, kaskazini Warundi, na ng'ambo ya ziwa nchi ya Manyema, walikotoka wengi waliohamia mjini, baadhi kwa hiari na baadhi kwa minyororo ya utumwa. Walioana, wakasali pamoja, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mji. Mtu alijulikana kwa nasaba yake: fulani bin fulani, na mama yake wa ukoo fulani. Upande wa maji aliozaliwa babu ulikuwa habari ya kusimuliwa barazani. Haukuwa hoja ya sheria.

Kisha zikaja bendera. Tuchukue mfano wa ndugu watatu wa tumbo moja. Aliyezaliwa Ujiji mwaka 1910 alizaliwa chini ya Wajerumani. Wa mwaka 1918, chini ya Wabelgiji walioushika mji tangu 1916. Na kitinda mimba wa mwaka 1923, chini ya Waingereza waliokabidhiwa mwaka 1921. Nyumba ilikuwa ileile, dola zilikuwa tatu. Hata meli ya ziwa hilo ilipitia mageuzi hayo. Iliundwa Ujerumani, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, nao Waingereza wakaiinua na kuirejesha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kila hatua ya meli hiyo imeandikwa. Za ndugu wale watatu hazikuandikwa, kwa kuwa sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika kwa jumla kusajili watoto wao. Wajibu huo ulienezwa baadaye, wilaya baada ya wilaya.

Uhuru ulipofika, tarehe 9 Desemba 1961, sheria ilitamka nani ni raia. Aliyezaliwa Tanganyika na kuwa mtu wa himaya ya Waingereza alikuwa raia siku hiyo bila kuomba, mradi mmoja wa wazazi wake naye awe amezaliwa Tanganyika. Sharti hilo lilionekana jepesi, na katika wilaya nyingi lilikuwa jepesi kweli. Ujiji lilipita katikati ya koo. Binamu wawili, wote wazaliwa wa mtaa mmoja, mmoja mama yake ni Muha wa Kasulu na mwingine wazazi wake wote wawili walivuka ziwa: wa kwanza aliamka raia, wa pili hakuwa raia mpaka aombe kuandikishwa. Yamkini wote wawili walicheza ngoma ya uhuru usiku ule, na hakuna aliyewaeleza kuwa wametofautiana.

Kwa mtoto aliyezaliwa nje ya mipaka, sheria ya wakati huo ilimtambua baba peke yake. Binti wa Kigoma aliyeolewa Uvira au Bujumbura hakuweza kumrithisha mwanawe uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ndiyo iliyomweka mama sawa na baba, ikataja njia tatu za uraia: kuzaliwa, kurithi na tajnisi. Hata hivyo, urithi huo una kikomo: raia wa kurithi hamrithishi mtoto wake aliyezaliwa nje.

Hivyo swali la mwaka 1961 limeendelea kuishi. Aombaye pasipoti hutakiwa kuleta cheti chake cha kuzaliwa pamoja na cha mzazi, au hati ya kiapo kuhusu kuzaliwa kwa mzazi huyo. Tena cheti cha kuzaliwa huthibitisha kuzaliwa tu, hakithibitishi uraia. Laini za simu ziliposajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, kazi iliyofikia kilele Januari 2020, swali la asili ya wazazi liligusa hata haki ya kupiga simu.

Linganisha hali hiyo na ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao walikubaliwa uraia wa tajnisi mwaka 2010, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Lilikuwa jambo la ukarimu, na lastahili sifa. Lakini raia wa tajnisi ana cheti cha uraia mkononi, ilhali mjukuu wa Ujiji aliye raia kwa kuzaliwa ana maneno ya bibi yake tu.

Dola nayo ina hoja. Kigoma imepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa mawimbi, mwaka 1972, 1993, 1996 na 2015, na hakuna nchi isiyopaswa kuwajua raia wake. Suala ni nani abebe mzigo wa ushahidi. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua shauri la Anudo Ochieng Anudo, mzaliwa wa Butiama aliyenyang'anywa pasipoti na kufukuzwa nchini kwa madai kuwa uzazi wake una utata. Mahakama ilisema kwamba, kwa kuwa mtu huyo alikuwa na hati za nchi, ilikuwa juu ya Serikali kuthibitisha kinyume chake. Na kama ubaba ulitiliwa shaka, kipimo cha vinasaba kilikuwapo. Mwezi Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo.

Lugha yetu imelitoa neno vinasaba katika nasaba, na hapo pana funzo. Kilichomo damuni kilikuwa kikihifadhiwa kwa ulimi kabla ya kupimwa maabara. Wazee waliozaliwa chini ya Wabelgiji wamekwisha kutoweka. Waliowajua wanapungua kila mwaka. Ushuhuda wao uandikwe sasa, mbele ya hakimu na mashahidi, kabla mjukuu hajafika dirishani na kuulizwa mzazi wake alizaliwa wapi.