Kipisi kimoja, njiti moja

Leo tuache kidogo siasa za nyumbani. Kuna wimbo nimeuchoka: eti dawa ya wanaotupa vipisi vya sigara ovyo ni faini nene. Watozwe, wafungwe, tuone kama watarudia! Mimi nimejichimbia kwenye historia ya mioto miwili ya Uingereza, na nilichokikuta huko hakiendi na wimbo huo hata kidogo.

Tuanzie Bradford. Tarehe 11 Mei 1985 Bradford City walikuwa nyumbani, Valley Parade, wakicheza na Lincoln City. Ilikuwa siku ya shangwe, maana walishatwaa ubingwa wa daraja la tatu na kombe walikabidhiwa kabla ya mpira kuanza. Jukwaa kuu lilikuwa la mbao, la mwanzoni mwa karne iliyopita, na paa lake lilikuwa na lami. Sakafu ilikuwa na nyufa, na chini yake kulikuwa na uwazi. Chochote ulichoangusha kilitumbukia humo na kubaki humo. Baada ya moto walikuta mle chini gazeti la Novemba 1968. Hebu piga hesabu mwenyewe. Karibu miaka 17 hakuna aliyeingiza fagio!

Dakika chache kabla ya mapumziko moshi ukaanza kutoka chini ya viti. Tume ya Jaji Popplewell ilihitimisha kwamba chanzo kilikuwa njiti ya kiberiti au sigara iliyopenya kwenye ufa na kukuta takataka. Jukwaa zima liliwaka ndani ya dakika zisizofika tano. Waliokimbilia milango ya nyuma walikuta mingi imefungwa. Watu 56 walikufa. Kinachouma zaidi ni kwamba jukwaa lile lilikuwa libomolewe, kazi ianze baada ya mechi hiyo ya mwisho ya msimu.

Sasa sheria ilikuwa wapi? Ilikuwepo, ya mwaka 1975, lakini ilibana viwanja vya timu za madaraja ya juu. Daraja la tatu, endeleeni tu. Halafu Julai 1984 klabu iliandikiwa barua na halmashauri ya kaunti, ikionywa kwamba sigara moja iliyotupwa kwa uzembe inaweza kuleta moto. Barua ilifika, takataka zikabaki.

Kesi ya fidia ilipokwenda mahakamani mwaka 1987, jaji hakuhangaika na mvutaji. Theluthi mbili za lawama aliibebesha klabu, theluthi moja halmashauri. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini nikatafakari. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria mpya ya moto na usalama wa viwanja, nayo iliyafikia hata majukwaa ya timu ndogo.

Lakini mwaka 1987 haukuwa umemalizana nao. Jioni ya Novemba 18, kwenye kituo cha King's Cross cha treni za chini ya ardhi London, moto ulianza chini ya ngazi za umeme zilizotengenezwa kwa mbao. Na hapa, ndugu yangu mpenda faini, sigara zilishapigwa marufuku! Marufuku ya vituo vya chini ya ardhi ilianza mwaka 1985, baada ya moto wa Oxford Circus wa Novemba 1984. Watu walifanyaje? Waliwasha sigara wakiwa kwenye ngazi, wakielekea nje. Kiberiti kinawaka, njiti inaangushwa, inapenya pembeni mwa ngazi, inatua kwenye grisi iliyochanganyika na nywele, karatasi na vumbi la miaka. Wachunguzi walikuta alama za kuungua sehemu nyingine kadhaa chini ya ngazi zilezile. Yaani moto ulishaanza mara nyingi ukazimika wenyewe. Wafanyakazi walikuwa na neno lao kwa matukio hayo, wakisema kitu "kimefuka" tu, ili wasiseme "moto". Siku hiyo hakikufuka. Watu 31 walikufa, akiwemo ofisa wa zimamoto.

Aliyeangusha njiti hakupatikana, na sidhani kama kumpata kungebadilisha kitu. Kanuni zilizotoka mwaka 1989 ziliwageukia wenye vituo: vifaa vya kugundua na kuzima moto, mafunzo kwa wafanyakazi, mbao ziondolewe. Ngazi ya mwisho ya mbao, ya kituo cha Greenford, iliondolewa mwaka 2014. Naam, 2014.

Baadaye sheria ikaigeukia sigara yenyewe. New York ilianza mwaka 2004, na Umoja wa Ulaya ukafuata Novemba 2011: karatasi ya sigara iwekewe mikanda minene inayopunguza hewa, ili ukiiacha bila kuivuta ijizimikie yenyewe. Aliyetunga sharti hilo alishajua kwamba vipisi vitatupwa tu.